Kitufe cha Mama Muli

Ripoti ilikuwa imeandikwa kabla ya mpelelezi kumaliza kazi yake. Kilichobaki ni sahihi ya Peres Nanjala pale chini, na Zadock Amukoa alikuwa ameshika kalamu akiielekeza kwake kama anayemlisha mtoto dawa.

Zadock alikuwa mkurugenzi wa Maktaba Huria, shirika lenye ofisi ghorofa ya pili huko Hurlingham, dirisha likitazama foleni ya magari kwenye Barabara ya Argwings Kodhek. Kazi ya shirika ni kutunza wiki za mitaa. Hizi si zile wiki za Jumatatu hadi Jumapili. Ni kurasa za mtandaoni ambazo jirani yeyote anaruhusiwa kuandika, kusahihisha na kuweka picha. Uthiru wana yao, Kawangware wana yao. Juu ya zote ipo Ghala, wiki moja ya pamoja, na picha ikishafikishwa huko, mitaa yote inaweza kuitumia.

Peres alivaa miwani, akasoma pole pole. Alikuwa polisi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujitegemea, na jambo moja alilotoka nalo kule ni kutotia sahihi kitu akiwa wima. Ripoti ilisema kwamba picha za Uthiru zinazogombaniwa zilihamishwa hadi Ghala na Ivyne, mbunifu wa shirika, kwa kifaa chake kipya kiitwacho Hamisha. Kifaa kilichanganya majina, na nakala za awali zikafutika. Kwa hiyo haiwezekani tena kujua ni nani aliyezipiga, na mwenye jina katika Ghala, Bwana Lenox Ombeva, abaki kuwa mwenyewe. Ivyne aachishwe kazi na kifaa chake kitupwe.

Marehemu Muli Muasya hakutajwa hata mara moja. Kijana huyo wa Uthiru alikuwa amepiga picha mtaa wake miaka nenda miaka rudi, akaziweka zote katika wiki ya mtaa, halafu figo zikamshinda. Mama yake ndiye aliyeleta malalamiko. Hakutaka fidia wala kuombwa msamaha. Alitaka jina la mwanawe lirudi kwenye picha zake, basi.

"Uliniajiri nichunguze, Bwana Zadock," Peres alisema, "ama uliniajiri niwe muhuri?"

Zadock akacheka kicheko cha ofisini, kile kisichofika machoni. Alieleza kwamba maonyesho ya picha hizo yanafunguliwa saa kumi jioni hiyo kule Spring Valley, wageni wameshaalikwa, na jina la Lenox limeshachapwa kwenye kadi. Kama mpelelezi ana la kuongeza, alilete Jumatatu.

Jumatatu ni siku nzuri ya kuzikia mambo. Peres aliikunja ripoti mara mbili, akaitia mkobani bila sahihi, akamwomba mkurugenzi amtunzie kalamu yake.

Ivyne alikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, akipanga vitu vyake katika boksi la mafuta ya kupikia. Walikuwa wamemfungia akaunti yake asubuhi ile. Mezani palikuwa na barua ya kukiri kosa, imechanwa vipande viwili na vipande vimewekwa sambamba ili yeyote atakayeingia avione.

"Nimewaambia wanifute kazi," alisema. "Hiyo ni sawa. Kusema nilifanya kitu sikufanya, hapo zii."

Peres alimwomba amwelezee kifaa hicho kama anavyoweza kumwelezea shangazi yake, na Ivyne, ambaye huenda hakuwa ameulizwa swali la maana tangu mambo yaharibike, aliweka boksi chini akaketi.

Zamani, alieleza, kuhamisha picha kutoka wiki ya mtaa hadi Ghala kulikuwa mateso. Mtu aliihifadhi kwanza kwenye mashine yake, kisha akaipakia Ghala kana kwamba ni mpya. Fomu ya kupakia ilimuuliza ni nani aliyeitengeneza, na haikumruhusu kuendelea mpaka aweke alama mahali palipoandikwa "Hii ni kazi yangu mwenyewe". Basi watu waaminifu kabisa, walimu wa Jumapili na wahasibu wa chama, wakawa wanaidanganya fomu ili wamalize waende nyumbani. Picha ilifika, lakini jina la mwenyewe lilibaki nyuma kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Hamisha ilikuwa dawa ya uongo huo. Unabonyeza kitufe kimoja, na picha inakwenda na maisha yake yote: nani aliileta kwanza, lini, nani aliirekebisha. Kama nakala nyingine imeshatangulia Ghala, kifaa kinaunganisha historia za zote mbili, na maelezo chini ya picha yanafuata mkono wa kwanza.

"Nionyeshe," Peres alisema.

Kwa kutumia laptopu ya majaribio, Ivyne alimfungulia picha ya daraja la Kawangware iliyohamishwa kwa kifaa hicho. Ilikuwa imeacha nyayo mbili, mmoja katika wiki ilikotoka na mwingine Ghala. Kisha akamfungulia ile picha iliyowekwa kwenye kadi za maonyesho, kina mama wa kwaya wakivuka Barabara ya Waiyaki kwenye mvua, upepo umepindua miavuli yao na wote wanacheka. Hapo palikuwa na mstari mmoja tu, kwamba imepakiwa na akaunti ya Ivyne. Hapakuwa na unyayo wa kuondoka wala wa kufika. Peres alitaka kuona nyingine tatu za Muli, na zote zilikuwa hivyo hivyo.

"Kwa hivyo hizi hazikupita kwenye kifaa chako. Zilipakiwa kwa mkono, kwa ile njia ya zamani."

"Hicho ndicho nimekuwa nikisema. Hakuna mtu ameomba kuona."

Ukweli mwingine hukaa tu mlangoni ukingoja kukaribishwa. Hata hivyo Peres hakusimama hapo. Akaunti ilikuwa ya Ivyne, na akaunti hiyo hiyo ndiyo iliyofuta nakala za awali. Nani mwingine aliweza kuitumia?

Jibu lilikuwa mbele yao, juu ya meza. Kabla ya kifaa kutolewa kwa watu wote, Ivyne aliwaalika watu wa kawaida waje wakijaribu, mmoja mmoja, katika chumba hicho na kwenye laptopu hiyo. Wageni hawakuwa na ruhusa ya kuhamisha chochote, kwa hiyo aliiacha laptopu ikiwa imefunguliwa kwa akaunti yake. Picha za Muli zilipakiwa siku ya majaribio.

Majaribio yenyewe yalikuwa na utaratibu wake. Mgeni akishaketi, kinasa sauti kinawashwa, na Ivyne anatoka kwenda kumletea chai ili azoee kiti. Akirudi anamsalimu na kumwomba asome kwa sauti kila anachokiona na aseme chochote kinachompitia kichwani. Kisha yeye Ivyne ananyamaza kabisa. Mtu akikwama anaachwa akwame, maana ukimsaidia hutajua kifaa chako kina kasoro gani.

"Hizo sauti ziko wapi?"

"Ziko nami."

"Nataka kuzisikiliza."

"Hapana, madam."

Peres aliinua macho. Msichana mwenyewe hakuwa amefika miaka thelathini, na alikuwa amekunja mikono kifuani kama mama mwenye nyumba.

"Kila mtu aliyeketi hapo nilimwahidi kwamba sauti yake ni ya kurekebisha kifaa pekee. Haitatumika kumhukumu. Hakuna mtu anapenda kuonekana mjinga. Hawa walikubali kuonekana wajinga mbele yangu kwa sababu ya hiyo ahadi."

"Hata kama mmoja wao ndiye anayekuchimbia kaburi?"

"Hata huyo. Mpaka mwenyewe akubali, haifunguliwi."

Peres alimkasirikia, na papo hapo akampenda. Alimuuliza kama yeye mwenyewe amezisikiliza, na Ivyne akasema amezisikiliza zote, kuanzia pale anaporudi na chai hadi mtu anapoaga, na ndani yake hamna wizi. Ile sehemu ya kabla ya chai huiruka kila mara kwa kuwa haina kitu ila vikohozi na kiti kulia.

"Lakini unamjua mtu huyo, sivyo?"

"Najua aliyeketi. Aliyeiba simjui."

Alipoulizwa kama yuko hata mmoja anayeweza kumtaja, uso wake ukalainika kidogo. Mama Muli alikuwa mmoja wao, na hiyo haikuwa siri kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa ameitangaza kanisa zima. Yeye ndiye aliyefanya kitufe kitolewe pembeni, kikawekwa chini ya picha na kuandikwa kwa herufi kubwa. Alisoma kila neno kwenye kioo, hata "Ghairi" na "Endelea", kwa sauti ile anayosomea masomo kanisani, na alipomaliza ilibaki kidogo tu aseme "Neno la Bwana" na kungoja waumini wajibu.

Kutoka Hurlingham Peres alishuka hadi katikati ya mji. Lenox Ombeva alikuwa na studio juu ya duka la simu karibu na Barabara ya Moi, ghorofa ya tatu, kuta zikiwa zimejaa nyuso za maharusi. Alikuwa na maneno matamu na mikono isiyotulia, akajaribu tai mbili mbele ya kioo huku wakizungumza.

Hadithi yake ilikuwa nyoofu. Picha ni zake, alizipiga mwenyewe enzi alipokuwa akiishi Uthiru. Nakala kubwa ziliharibika na diski yake. Muli alikuwa rafiki tu aliyemsaidia kubeba mikoba, na mama wa watu amechanganywa na majonzi. Aliomba shirika limhamishie picha, Ivyne akazihamisha. Kama Ivyne alifuta kitu, aulizwe Ivyne.

Peres aliikubali kila hatua kwa kichwa. Hadithi isiyo na kona humpa msimuliaji raha, na msimuliaji mwenye raha huongea kupita kiasi. Alimuuliza kama alikuwa kwenye chumba cha Ivyne siku hiyo.

"Mi? Sijawahi kanyaga huko, madam. Mambo ya majaribio ni ya wamama na wazee wenye hawajui kompyuta."

"Kwa hivyo kifaa chenyewe hukukijaribu."

"Ya nini? Na yule dem si ati anakusaidia. Umekwama hapo unatoka jasho, yeye amenyamaza tu anakuangalia kama sanamu. Nani ataenda huko kuaibishwa?"

Alijifunga ile tai nyekundu. Peres alimwambia imempendeza, akamtakia maonyesho mema, akashuka ngazi taratibu akishikilia ukuta. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko ngazi zenyewe. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga chumba amejuaje mwenye chumba hunyamaza?

Ila hilo lilikuwa neno lake dhidi ya neno la Lenox, na Zadock angelifagia na takataka za Jumatatu. Sauti ya Lenox ilikuwa imefungwa ndani ya ahadi ya Ivyne, na Lenox alilijua hilo, ndiyo maana aliongopa bila kutoa jasho. Peres aliketi ndani ya gari lake akawaza. Mtu akitumia mahali pa watu wengi, anayejua alichokiacha ni yule anayeingia baada yake. Nani aliingia baada ya Lenox hakujua, ila wa siku ile aliyetajiwa jina alikuwa mmoja tu. Akaligeuza gari kuelekea Uthiru.

Mwelu, Mama Muli, alikuwa kibandani kwake nyuma ya kituo cha mabasi, akishona kanzu za kwaya. Hakusimamisha cherehani mgeni alipoingia. Alisema kama Peres ametumwa kumwambia asiende Spring Valley, ajiokolee mafuta ya gari arudi.

"Wamenipigia simu wakaniambia mama, wewe kaa nyumbani, tutakuita. Mimi nitaenda. Wakinifungia geti, nitasimama hapo kwa geti na nguo yangu ya kanisa, kila mgeni aniulize mimi ni nani."

Peres alisema anafaa kwenda, tena atampeleka yeye mwenyewe. Hapo cherehani ikanyamaza.

Alimuuliza juu ya siku ya majaribio, na mama akaisimulia kwa furaha: kiti kinachozunguka, chai ya maziwa, binti mpole asiyeongea. Peres akataka kujua alianza kusoma wakati gani, kabla ya Ivyne kurudi na chai au baadaye.

"Kabla. Jirani yangu alikuwa ameenda mapema, akaniambia huko ni kusoma kila kitu kiko kwa kioo. Sasa mimi nimekaa, nimeona maandishi, nikasoma. Kumbe hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwingine ameacha. Ivyne alikuja akasema pole mama, akaifunga, tukaanza upya."

"Ilisema nini?"

Mama Muli alifikiri. Zilikuwa namba na maneno tu, alisema. Hapakuwa na picha. Kama ingekuwa picha angeikumbuka.

Namba ndizo Peres alizozitaka. Alimweleza mama kuhusu ahadi ya Ivyne, kwamba sauti ni mali ya aliyeketi, wala hakuna awezaye kuifungua ila yeye. Kisha akapiga simu Hurlingham, akaweka sauti ya juu, akailaza simu juu ya kitambaa cheupe.

"Ivyne, mwanangu," mama alisema, "hiyo yangu fungua. Anza mwanzo kabisa, usiruke. Nimekubali."

Upande wa pili pakasikika kiti kikilia na mtu akikohoa. Kisha ikaja sauti ya Mama Muli mwenyewe, ya wazi na ya madhabahuni, ikisoma bila kuelewa: "Pakia faili jipya. Jina la faili, picha namba nne nne saba moja, Uthiru. Mwandishi, Lenox Ombeva. Chanzo, hii ni kazi yangu mwenyewe. Faili limepakiwa. Nakala ya awali imefutwa. Endelea."

Ivyne ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema fomu ya zamani haikuonyesha picha bali namba peke yake, na kwamba yeye aliifunga bila kuitazama kwa kuwa kila mgeni huacha vitu wazi. Peres alimwomba aangalie namba ya ile picha ya kadi, ya kina mama na miavuli. Hata kabla hajajibu walijua.

"Ni hiyo," Ivyne alisema.

Mama Muli alikuwa mmoja wa wanawake wale kwenye picha. Siku hiyo mwanawe alisimama ndani ya mtaro, maji magotini, akiwapigia kelele wasitazame kamera, nao ndiyo maana walikuwa wakicheka. Na baadaye alikuwa ameketi kwenye kiti kinachozunguka, akaisoma hati ya wizi wa picha za mwanawe kwa sauti nzuri, akanywa chai. Hakulia. Aliikunja ile kanzu, akafunika cherehani, akaenda nyuma ya pazia kuvaa nguo yake ya kanisa.

Njiani Peres aliuliza swali moja la mwisho kwa simu. Picha iliyofutwa katika wiki, imekufa? Ivyne akasema la. Wiki haitupi kitu, huficha tu, na mwenye funguo za juu anaweza kukirejesha. Kwa kuwa yeye alikuwa amefungiwa, mwenye funguo alibaki mmoja, naye ni mkurugenzi. Peres akamwambia achukue laptopu ya majaribio awakute Spring Valley.

Nyumba ya maonyesho ilikuwa ndani ya bustani iliyofyekwa vizuri mno. Ukumbini palitundikwa skrini badala ya fremu, kila moja ikichota picha moja kwa moja kutoka Ghala pamoja na maelezo yake. Kila mahali paliandikwa: Mpiga picha, Lenox Ombeva. Mlinzi alimtazama Mama Muli, akamtazama Peres, akaona heri afungue.

Zadock aliwawahi kabla hawajafika katikati, akawaingiza katika chumba kidogo cha pembeni, na Lenox akafuata na tai yake nyekundu. Ivyne alikuwa ameshafika, laptopu kifuani. Zadock alisema kwa sauti ya chini kwamba hapa si mahali pa mambo hayo.

Peres alimgeukia Lenox kwanza.

"Ivyne anatunza sauti za wote walioketi kwenye chumba chake. Hawezi kuifungua ya mtu bila ruhusa. Wewe uliniambia hujawahi kukanyaga huko. Basi sema tu hapa, mbele ya mkurugenzi, kwamba kama kuna sauti yako, ifunguliwe. Si huna?"

Lenox alimtazama Ivyne, ambaye alitazama sakafu na kuitunza ahadi yake hadi mwisho.

"Siwezi ruhusu kitu kama hiyo. Hiyo ni mambo ya faragha," Lenox alisema.

"Ya nani? Mtu ambaye hajaketi hana sauti ya kukataza."

Kisha Peres akacheza ile sauti ya Mama Muli, ambayo Ivyne alikuwa amemtumia kwenye simu. Katika chumba kidogo ilisikika kama imetoka mbinguni. Ilipofika "Lenox Ombeva", mwenye jina alianza kusema kwamba ile fomu humlazimisha kila mtu kuweka alama, kila mtu alifanya hivyo, muulizeni Ivyne. Hilo lilikuwa kweli, na Peres alikubali kuwa ni kweli. Lakini fomu haikumlazimisha mtu kuandika jina lake. Wala haikumlazimisha kufuta la mwenzake.

Lenox alivuta kiti, akaketi.

Zadock aliuliza kama hili haliwezi kungoja Jumatatu. Wageni wako hapo nje, alisema. Jina la shirika litaharibika.

"Jina la shirika litapona," Peres alimjibu. "La Muli ndilo limefutwa." Akatoa ile ripoti mkobani, akaiweka mezani, nyeupe pale chini kama ilivyotoka kwake. "Hii sitii sahihi leo, sitii Jumatatu. Una funguo za kurejesha picha. Rejesha sasa hivi, ama niende pale mbele nikiwa na kipaza sauti na hii simu."

Mkurugenzi alimtazama Mama Muli, ambaye alikuwa amesimama wima katika nguo yake ya zambarau na hakuwa na dalili ya kukaa. Akaketi, akaivuta laptopu. Alibonyeza kama mtu aliyemeza mfupa, lakini alibonyeza, na picha za Muli zikarudi katika wiki ya Uthiru, moja baada ya nyingine, jina la aliyezileta likiwa chini ya kila moja. Kisha akaondoka kwenye kiti bila kufunga akaunti yake, na kwa mazoea akampisha Ivyne.

Ivyne hakuketi. Aliibeba laptopu hadi ukumbini, akaiweka juu ya meza iliyokuwa na maua, akaiunganisha na skrini kubwa, akamvutia Mama Muli kiti. Wageni walipunguza mazungumzo. Mama alikataa kiti, akainama kidogo, akaweka sawa miwani yake.

Hakuna aliyemwambia asome. Aliona maandishi, akasoma, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi nyuma.

"Hamisha picha zote hadi Ghala. Picha hizi zipo tayari Ghala kwa jina lingine. Je, ungependa kuunganisha historia zake? Ndiyo. Hapana."

Kidole chake kilisimama hewani kidogo, kikashuka. Kitufe kilikuwa kikubwa, chini ya picha, pale pale alipowahi kulalamika kwamba hakipo.

Skrini ya kwanza kubadilika ilikuwa ile ya miavuli. Jina la Lenox lilitoweka, na kwa kitambo hapakuwa na jina lolote. Halafu likaja. Ya pili ikafuata, na ya tatu, zikazunguka ukumbi mzima mpaka ile iliyo juu ya mlango. Mama Muli alingoja ya mwisho igeuke. Ndipo aliponyoosha mgongo, akasoma.

"Mpiga picha, Muli Muasya." Akaitazama tena skrini, kama anayetafuta mahali alipoishia. "Neno la Bwana."

Wapishi ndio waliojibu kwanza, na trei mikononi, kisha mlinzi mlangoni, kisha nusu ya ukumbi kabla watu hawajajua wanachokisema: "Tumshukuru Mungu."